Mbegu Hukua Tukiwa Tumelala

Mahubiri ya Dominika ya 11 ya Mwaka B
Masomo: Eze 17:22-24, 2 Kor 5:6-10, Mk 4:26-34





Injili ya leo ni fupi, na mkulima wa kandokando ya Ziwa Viktoria aielewa pengine kuliko msomi wa mjini. Bwana wetu Yesu Kristo atueleza habari za mtu aliyemwaga mbegu shambani mwake, kisha akaenda zake. Usiku alilala, mchana aliamka, na mbegu ikaota na kurefuka pasipo yeye kujua imekuwaje. Ardhi yenyewe ndiyo iliyofanya kazi: kwanza jani, kisha suke, hatimaye nafaka iliyokomaa. Bwana aongeza mfano wa punje ya haradali, iliyo ndogo kabisa, lakini hukua hata ndege wa angani wakaweza kukaa kivulini mwake. Naye Nabii Ezekieli, katika somo la kwanza, atuonyesha Mungu mwenyewe akitwaa chipukizi laini la mwerezi na kulipanda juu ya mlima, ili ndege wa kila namna wapate makao katika matawi yake.

Tuangalie vizuri jambo hilo la ndege. Masomo yote mawili yanaishia kwao. Ndege hawakupanda mti ule, hawakuumwagilia maji, wala hawana mbao za kuchana wala kuni za kukata. Hata hivyo Mungu anawahesabu. Kumbe mti wa Ufalme haupimwi kwa faida tunayoipata sisi peke yetu. Wapimwa pia kwa viumbe wanaopata kivuli chini yake bila kulipa chochote.

Leo, ndugu wapenzi, twapenda kuyafafanua masomo haya kwa mfano uliomo katika nchi yetu wenyewe, katika vijiji vya Usukumani. Mfano huo ni ngitili.

Wazee wa Kwimba, Misungwi, Magu na Shinyanga hawahitaji maelezo. Lakini kwa ajili ya vijana wetu waliozaliwa mjini, na kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka sehemu nyingine, tuseme kwa kifupi. Ngitili ni sehemu ya ardhi inayofungwa ili ipumzike. Mvua zinapoanza, mwenye ardhi, au kijiji kizima, hutenga eneo na kukataza mifugo isiingie. Majani hukua, huzaa mbegu na kusimama yakiwa marefu. Kiangazi kikali kinapofika, nyasi zinapokuwa zimekwisha kila mahali, ndipo eneo hilo hufunguliwa, na wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wanyonyeshao, ng'ombe wagonjwa na maksai walimao. Mara nyingi eneo hilo halina ukuta wala seng'enge. Mpaka wake ni njia, au kilima, au mti unaojulikana. Na kinachoulinda mpaka huo ni neno la watu waliokubaliana.

Desturi hiyo ilikaribia kufa. Wakati wa ukoloni misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuliwa, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa pasipo kiasi. Kisha katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na wengi wakaziacha ngitili zao mbali na makao mapya. Kilichokosa mwenyewe kikawa cha kila mtu. Na kilichokuwa cha kila mtu kikaisha. Hali ikawa mbaya hata Mwalimu Nyerere akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa hazikuzidi sana hekta 600. Mpango ulipokoma mwaka 2004, ardhi iliyorudishiwa uoto kwa njia hiyo ilikuwa imefikia hekta 350,000 au zaidi, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao sehemu yake leo ni mkoa wa Simiyu.

Hebu tujiulize: ni nani aliyepanda miti ya hekta hizo zote? Mwanzoni wataalamu walianzisha bustani za miche, na miche ikagawiwa kwa wananchi. Ilikuwa kazi njema. Lakini baadaye ilionekana wazi kwamba wananchi walikuwa na njia yao ya zamani, na ya kuwa chini ya udongo ule uliodhaniwa kuwa umekufa, visiki na mizizi vilikuwa bado hai. Kila mwaka vilichipua, na kila mwaka machipukizi yaliliwa na mbuzi au kukatwa na panga. Hayakukosa uhai, yalikosa nafasi. Watu walipoifunga ardhi na kuiacha, migunga na mikwaju ikainuka. Mkulima alilala na kuamka, na miti ikakua pasipo yeye kujua imekuwaje.

Na ndege wakarudi. Watafiti waliochunguza ngitili hizo walikuta humo aina zaidi ya 100 za ndege, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kutoweka katika sehemu hizo. Wanyama pia wakarudi. Hatuwezi kusema kwamba kila aliyerudi alipokewa kwa furaha. Fisi naye alirudi, na yupo ndege alaye mtama wa mjane. Wanavijiji walipata hasara, nasi tusiifiche. Lakini walipopima faida na hasara, wengi waliamua kuendelea kufunga. Walikubali kuishi na majirani ambao Mungu aliwaumba kabla ya kumwumba binadamu.

Ndugu wapenzi, hapa ndipo Injili inapotugusa. Sisi watu wa Kanda ya Ziwa twajulikana kwa bidii. Twajua kulima, twajua kuvua, twajua kufuga na kufanya biashara. Ukituambia tufanye jambo, twafanya. Kazi inayotushinda ni ile ya kuzuia mkono. Mtu aonapo majani ya ngitili yamesimama mwezi Juni, na ng'ombe wake wameanza kuonekana mbavu, kuacha kuwaingiza humo ni kazi kubwa kuliko kulima ekari moja. Kazi hiyo haionekani, haina jasho, na hakuna anayeisifu. Kumbe ndiyo kazi ya imani. Mtakatifu Paulo, katika somo la pili, atukumbusha kwamba twaenenda kwa imani, si kwa kile tukionacho. Aifungaye ngitili anaamini kwamba kiangazi kitafika, na kwamba majani asiyoyala leo yatamwokoa ndama kesho.

Sheria ya Musa ilikwisha kutufundisha jambo hilo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, Mungu anawaagiza watu wake waiache ardhi ipumzike mwaka wa saba. Naye ataja sababu: maskini wapate kula, na watakachosaza wapate wanyama wa porini. Tazameni jinsi Mungu anavyowaweka pamoja maskini na mnyama wa porini katika amri moja. Wote wawili hawana shamba. Wote wawili wanaishi kwa kile ambacho mwenye nguvu amekubali kukiacha.

Turuhusuni sasa tuwasimulie jambo lililotupata sisi wenyewe, si kwa kujisifu, bali kwa kuungama.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukihudumu katika parokia moja ya vijijini. Kigango kimojawapo kilikuwa kikijenga kanisa. Waamini walikuwa wamefyatua matofali mengi, tanuru limepangwa, zikakosekana kuni. Karibu na hapo palikuwa na mlima mdogo ambao kijiji kilikuwa kimeufunga kwa mwaka wa sita. Asubuhi moja, kabla ya jua kuchomoza, wanaume wa kigango waliingia humo na mashoka, wakakata migunga kumi na miwili. Aliyewaongoza alikuwa katekista wao, mtu mwema na mwenye bidii. Nasi hatuwezi kunawa mikono. Dominika iliyotangulia tulikuwa tumewahimiza kwa ukali wamalize nyumba ya Mungu kabla ya mvua, na wala hatukuuliza kuni zitatoka wapi.

Siku ya pili akaja parokiani mzee aliyekuwa mwenyekiti wa ulinzi wa mlima ule. Hakuwa Mkristo. Tulimpa kiti, tukasalimiana kwa urefu kama ilivyo desturi, tukaulizana habari za watoto na za mifugo. Kisha akasema kwa upole: "Padri, tumekuja kuuliza. Miti ile tuliwawekea wajukuu. Je, Mungu wako hana mahali pa kukaa, hata achukue cha watoto?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema, "Mzee, tumekosa. Tuambie faini, parokia italipa."

Akatikisa kichwa. "Hapana, Padri. Ukilipa wewe, wao watajifunza nini? Waliokata waje dagashida, wasimame mbele ya watu."

Dagashida, kwa wasioijua, ni mkutano wa jadi wa Wasukuma ambamo jamii huamua mambo yake. Katekista alikuja kwetu usiku. Alikuwa na hofu. Alituambia, "Padri, nikisimama pale mbele ya wapagani na kuungama, nitawafundishaje tena wakatekumeni?" Tulikaa kimya kitambo, kwa maana swali lake lilikuwa letu pia. Mwisho tulimwambia: "Mwalimu, usiposimama, utawafundisha nini?" Nasi tukaenda pamoja naye, tukasimama kando yake chini ya mti, tukasema mbele ya wote kwamba tulihimiza ujenzi na hatukuuliza.

Walitozwa mbuzi wawili. Zaidi ya hayo, katekista alipewa kazi ya kuulinda mlima ule msimu mzima, pamoja na walinzi wa kijiji. Wengine waliona ni aibu kwa Kanisa. Lakini yeye alikwenda kila jioni. Na visiki vile kumi na viwili, alivyovihesabu mwenyewe, vilianza kuchipua kabla ya Kwaresima. Alikuwa akiwapeleka wakatekumeni wake kuviangalia, akiwafundisha habari za Sakramenti ya Kitubio: ya kwamba kilichokatwa kwa dhambi hakirudi kwa nguvu zetu, ila tukiacha kukikata tena na kukipa nafasi, Mungu hukiinua. Hatukusikia katekesi bora kuliko hiyo hata seminarini. Wakati wa kiangazi kilichofuata, kanga walikuwa wakilia katika mlima ule alfajiri, saa ile ile ambayo mashoka yalikuwa yamelia.

Kanisa lilijengwa kwa matofali yasiyochomwa, likapigwa lipu. Lilichelewa miaka miwili. Katika miaka hiyo miwili tulisali chini ya mwembe, na hatudhani kwamba Mungu alitusikia kwa shida.

Basi, ndugu wapenzi, tutoke na nini leo?

Kwenu mlio na mali twasema hivi. Ngitili nyingi ni za watu binafsi, na jambo hilo si dhambi. Lakini pamekuwa na wenye ng'ombe wengi wanaofunga maeneo makubwa, wakiuita uchoyo wao uhifadhi, huku jirani asiye na ng'ombe hata mmoja akikosa mahali pa kuokota kuni kavu. Nabii Isaya aliwaonya watu wanaounganisha shamba na shamba mpaka wasiache nafasi kwa mwingine. Ngitili ya kweli huwa na mlango kwa ajili ya maskini: kuni zilizokauka, uyoga, dawa za mizizi, majani ya kuezekea, kwa kibali na kwa kiasi. Viko vijiji vilivyouza majani na miti ya ngitili ya pamoja, navyo vikapata fedha za shule. Huo ndio mti wa haradali ambao wengi hukaa kivulini mwake.

Kwenu viongozi wa vijiji: sheria ndogo mlizoziandika zina maana pale tu zinapomhukumu tajiri kama zinavyomhukumu kijana mwenye mbuzi watatu. Mlinzi wa sungusungu anayefumba macho kwa ajili ya shemeji yake, amekwisha kuufungua mlima wote.

Kwetu sisi wakazi wa mji, tusidhani kwamba mahubiri ya leo ni ya watu wa shamba. Gunia la mkaa tulinunualo Igoma, Buhongwa au Kirumba lilikuwa mti mahali fulani. Hatumlaumu mama anayepika kwa mkaa kwa sababu hana nishati nyingine anayoweza kuilipia. Twamlaumu yule mwenye uwezo ambaye hajawahi hata kujiuliza. Na ziwa hili tulipendalo, ambalo twakaa juu ya mawe yake na kulitazama jioni, hupokea matendo ya watu wa bara. Mvua inaponyesha juu ya vilima visivyo na majani, udongo huchukuliwa na mto Simiyu na mito mingine hadi katika Ghuba ya Speke. Anayefunga mlima wake ndani ya Kwimba au Maswa anamtunzia mvuvi maji yake, ijapokuwa wawili hao hawatafahamiana kamwe.

Na kwetu sisi Kanisa: parokia zetu nyingi zina ardhi tuliyorithi kwa wamisionari. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kuutunza uumbaji ni sehemu ya maisha ya imani, wala si jambo la hiari la watu wachache. Basi twawaomba wajumbe wa halmashauri za walei walizungumze jambo hili katika kikao kijacho: ipo kona gani ya ardhi ya parokia yetu tunayoweza kuifunga? Hatuhitaji kungoja wafadhili. Tukubaliane mpaka. Tuwashirikishe majirani, Wakristo na wasio Wakristo, ili isionekane kuwa padre amejitwalia uwanja. Tuzuie moto, mifugo na panga. Kisha tufanye lile lililo gumu: tungoje. Katika jumuiya ndogo ndogo, watoto wapewe kazi ya kuandika ndege wanaowaona, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Watakuwa wanaisoma Injili ya leo kwa macho yao.

Yawezekana sisi wazee hatutakaa kivulini mwa miti hiyo. Mkulima wa Injili naye hakujua mbegu ilivyokua. Haikuwa lazima ajue. Ilikuwa lazima asiing'oe kila asubuhi kuangalia kama imeota.

Mtakatifu Paulo atuambia kwamba sote tutasimama mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo. Tutaulizwa tulichotenda, twaamini tutaulizwa pia tulichokiacha kikue. Heri yetu siku hiyo, kama yule mzee wa mlimani na wale wajukuu aliowawekea miti watakuwa mashahidi wetu, wala si washtaki.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe wapanda na wewe wakuza. Uifundishe mikono yetu kufanya kazi, na uifundishe pia kutulia. Uwajalie wanavijiji wanaolinda vilima vyao saburi na haki, uwape maskini sehemu yao, na viumbe vyako makao yao. Utusamehe miti tuliyokata kwa jina lako bila kukuuliza. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.